Popote Alipo

Bei ilikuwa kwa neno.
Nilikaa dirishani, ofisi ya matangazo, Wete,
kalamu ya buluu, kitabu cha risiti,
na foleni ya watu waliokwishalia
au ambao hawajapata nafasi ya kulia.

Siku moja ya mvua za vuli akaja Bi Riziki Shaame,
buibui limelowa hadi magotini,
noti mkononi kazikunja kama tambuu.
"Mama kafa alfajiri. Niandikie.
Fedha zangu ni za maneno thalathini."

Nikaandika kama tulivyozoea:
kifo cha Bi Mgeni Juma wa Jadida,
maziko saa kumi alasiri,
habari ziwafikie jamaa wa Konde, wa Makangale, wa Mtambwe,
na walioko Tanga.

Hapo kalamu ikasita.
Tanga.
Miaka kumi na mmoja naandika "tunatangaza",
mbio mbio, kama mtu anayepiga muhuri,
na sikuwahi kulifungua neno
nikaona ndani mna nini.

Mna miguu.
Kutanga: kwenda bila kujua utalala wapi.
Kutangaa: kufika kila pahala
kama harufu ya karafuu mbichi,
isiyouliza mlango huu wa nani.
Kutangaza, basi,
ni kulitoa neno nyumbani, kulivisha viatu,
kuliambia: nenda, tanga,
wala usirudi kwangu.

Nimesikia wako watu wa lugha nyengine
ambao neno lao la kazi hii lilizaliwa kondeni:
mkono unachota mbegu, unazimwaga,
kama sisi tunavyosia mpunga.
Wao wanangoja liote.
Sisi letu tunalingoja barabarani.

Na matanga?
Wengine husema ni yale matanga makuukuu ya vyombo,
yaliyotandikwa chini wafiwa wakayalalia.
Mie sijui.
Najua tu kwamba kila anayetanga
iko siku atafikia kwenye matanga,
yake au ya mwenziwe.

"Soma," akasema Bi Riziki.
Nikasoma. Akahesabu kwa vidole,
vikaisha, akarudia vya mwanzo.
"Umemwacha Hamad."
Kaka yake. Aliondoka na sanduku la bati,
hana barua, hana salamu ya mtu.
"Yuko wapi?"
"Ningelijua, ningekuja kwako?"

Nikamkumbuka mama yao.
Bi Mgeni alikuwa mwalishi.
Kila harusi ya Jadida ilianzia visiginoni mwake,
nyumba hadi nyumba, hodi hadi hodi,
jina hakuliandika, jina hakulisahau,
na ukimuuliza anawezaje, hukujibu:
"Jina nikilisahau
litakuja usiku kunidai."

Maneno thalathini yalikuwa yamekwisha.
Nikachomeka chini, kwa mwandiko mdogo:
na mwanawe Hamad, popote alipo.
Matano. Risiti sikuibadilisha.
Bi Riziki akaitazama karatasi, akanitazama mie,
akaondoka bila kuaga, na hiyo ndiyo ahsante yake.

Saa saba mchana redio ikalisema.
Nilikuwa nimekaa na sahani ya muhogo,
na msomaji, kijana mwenye pua iliyoziba,
alipofika kwenye "popote" akavuta pumzi,
kana kwamba ameona pahala penyewe palivyo papana.

Alikuja? Sitakudanganya.
Siku ya tatu, walipokuwa wanaondoa matanga,
nilipita Jadida kutoa mkono wa pole.
Barazani viatu vimejaa:
makubadhi, ndara, raba za watoto.
Nikasimama nikivitazama kimoja kimoja,
natafuta jozi yenye vumbi la mbali.

Mvua ilikwishaviosha vyote.